Maji na Moto katika Nyumba za Kale za Magogoni

Katika kitabu hiki cha Jubilei utasoma habari za Maaskofu, za mapadre na masista waliotutangulia, za shule, na za makatekista waliotembea kwa miguu kutoka kijiji hata kijiji. Habari hizo zinastahili kuandikwa kwanza. Lakini watu hao wote walikaa katika nyumba, wakaoga, wakafua nguo, wakapika, wakanywa maji. Na habari za maji hayo hazikuandikwa sana, kwa kuwa aliyeyachota mara nyingi hakuwa yeye aliyeshika kalamu. Mimi nimepewa kurasa chache za kueleza nyumba za kale za mji wetu, tangu Magogoni na ukingo wa bandari hata Kariakoo. Sitaeleza milango ya nakshi wala matao, maana hayo kila mgeni huyatazama na kuyapiga picha. Nitaeleza yaliyomo ndani ya kuta na chini ya sakafu, yaani visima, mabirika, mabomba na meko. Sababu ni hii: katika miaka hii wengi wenye nyumba za kale, misioni na watu binafsi, wamefika njia panda. Mabomba yameliwa na kutu, kuta zinalia maji, na shauri liko mezani, kutengeneza au kubomoa. Ni afadhali shauri hilo likatwe na watu wanaojua nyumba hizo zilijengwaje.

Mji wa Dar es Salaam ulianzishwa na Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, karibu na mwaka 1862, jirani na kijiji cha wavuvi cha Mzizima. Mwaka 1867 aliwaalika huko mabalozi wa nchi za kigeni kwa karamu kubwa. Hata mwaka 1870 akafa, na mji ukabaki nusu umejengwa; ndugu yake Seyyid Barghash, aliyetawala baada yake, hakuushughulikia. Katika majengo ya siku zile yamesalia machache. Moja ni lile tuliitalo Boma la Kale, lililojengwa liwe nyumba ya wageni wa Sultani. La pili ni nyumba iliyokuja kuwa ya Mapadre Weupe, inayoitwa Atiman. Jina hilo ni la Adrian Atiman, ambaye alitekwa utumwani angali mtoto katika nchi za Afrika ya Magharibi, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa uganga wa kizungu katika kisiwa cha Malta, akafika Karema kando ya ziwa Tanganyika mwaka 1889, akawatibu watu huko hata kufa kwake mwaka 1956.

Sasa tazama nyumba hizo zilivyojengwa, maana bila kujua hayo yote yatakayofuata hayataeleweka. Kuta ni za mawe ya matumbawe, nene kupita dhiraa, zilizofungwa kwa udongo, mchanga na chokaa. Chokaa yenyewe ni matumbawe vile vile: mawe yalipangwa juu ya rundo la magogo makavu, yakachomwa hata yakageuka kuwa meupe na mepesi, kisha yakamwagiwa maji yakavimba na kuvunjika kuwa unga. Juu ya kuta zililazwa boriti za mikoko. Boriti haina urefu mwingi, yapata mita 3 au pungufu, na hiyo ndiyo sababu vyumba vya kale ni virefu na vyembamba, maana upana wa chumba ni urefu wa boriti. Juu ya boriti yakapangwa mawe, ikamwagwa chokaa na kokoto, nayo ikapondwa kwa vipande vya mbao siku nyingi, kwa nyimbo, hata ikashikamana. Nyumba ya namna hii haina chuma ndani yake. Inapumua. Hunywa unyevu wakati wa masika, ikautoa tena wakati wa kaskazi, na chokaa ya ukutani ndiyo pua yake.

Maji ya nyumba hizo yalitoka kisimani na mbinguni. Choo na mahali pa kuogea palikuwa mwisho wa nyumba, mbali na sebule, na shimo lilikuwa chini yake. Ndani ya choo palikuwa na birika la chokaa, na mwenye kuoga alichota kwa kata. Katika nyumba za Lamu, ambazo ni dada za nyumba hizi, waliweka samaki wadogo ndani ya birika ili wale viluwiluwi vya mbu, na chini wakatia bakuli la kauri ili samaki wasikose maji birika likaushwapo. Watu waliofanya hivyo hawakuwa wameambiwa na daktari yeyote kwamba mbu huleta homa. Jambo hilo lilithibitishwa na Ronald Ross katika Bara Hindi mwaka 1897, na mwaka huo huo Profesa Robert Koch alifika hapa Dar es Salaam akaifanyia uchunguzi homa ile. Lakini birika la Lamu lilikuwa na samaki zamani sana kabla ya hapo.

Nami nakumbusha jambo dogo la lugha. Sisi watu wa pwani maji yasiyo na chumvi twayaita maji baridi, hata yakiwa yamechomwa na jua mtungini. Kwetu sisi ubaridi ni wema wa maji. Mtu aliyetoka nchi ya theluji, akisikia kwamba nyumba ya kale inatengenezwa, huuliza kwanza habari za moto, na jinsi vyumba vitakavyopata joto. Hapa mjini swali hilo halina mahali. Joto tunalo la kutosha, na mjenzi wa kale alifanya kazi ya kulifukuza kwa kuta nene, madirisha marefu na baraza pande zote. Misioni za milimani ni mbali na hapo. Kule Lushoto utaona dohani juu ya mapaa ya nyumba za wakati wa Wajerumani, na asubuhi za mwezi wa Julai utafahamu kwa nini.

Hata hivyo usidhani kwamba watu wa pwani hawakujua kupasha maji moto kwa hila za ufundi. Habari kamili iko Unguja. Mwaka 1850 Seyyid Said alijenga hamamu huko Kidichi kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Kisha akaja Seyyid Barghash. Yeye alikuwa amepelekwa Bombay baada ya kushindwa katika ugomvi wa ufalme mwaka 1859, akakaa huko kama miaka miwili, akaona mji mkubwa unavyoendeshwa. Alipotawazwa mwaka 1870 mji wa Unguja ulikuwa umetoka tu katika kipindupindu kikali cha miaka ya 1869 na 1870, kilichoua maelfu ya watu, na visima vya mji vilikuwa katikati ya makaburi, vyoo na takataka. Sultani huyu akayaleta mjini maji ya Chemchem, kutoka kaskazini ya mji, kwa mfereji na mabomba, watu wakapata maji safi bila kulipa. Mimi naona kwamba katika kazi zake zote, pamoja na jumba la Beit al-Ajaib alilolijenga mwaka 1883, hiyo ndiyo iliyookoa roho nyingi zaidi, ingawa hapigwi mtu picha mbele ya bomba.

Naye ndiye aliyejenga Hamamni, hamamu ya watu wote katikati ya Mji Mkongwe, iliyosimamiwa na mjenzi aitwaye Haji Gulamhussein. Wanaume na wanawake waliingia kwa saa zao mbalimbali. Ndani mlikuwa na vyumba vya kuvulia nguo, vya kunyolea, hodhi za maji baridi, na chumba cha jasho. Moto wa kuni uliwashwa katika tanuru nje ya chumba, na maji ya moto yakapitishwa katika njia za chini ya sakafu, hata mtu aliyesimama pale akahisi joto nyayoni kabla ya kuligusa hodhi. Hamamu hiyo ilifungwa mwaka 1920. Kuta zake zipo, waweza kwenda kuzitazama. Lakini hakuna moto wala maji ndani yake, na fundi akichungulia njia zile za chini hujifunza jambo: zote zilijengwa ziweze kufikiwa. Palipopita maji palikuwa na mahali pa mtu kuingiza mkono. Neno hili nitalirudia huko mbele.

Turudi Dar es Salaam. Mwaka 1887 wamisionari wa Kiinjili kutoka Berlin, wakiongozwa na Johann Jakob Greiner, walifika hapa wakajenga karibu na mlango wa bandari. Mwaka 1888 Wabenediktini wakafika Pugu. Misioni yao ilishambuliwa mwezi wa Januari 1889 katika vita vya pwani, wengine wakauawa, wengine wakatekwa. Baadaye wakajenga mjini. Mwaka 1891 serikali ya Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, ilihamisha makao makuu kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam, na mwaka huo huo ikatoa amri ya ujenzi. Amri hiyo ilipanga mahali pa nyumba za namna ya Ulaya na mahali pa vibanda vya wenyeji. Kanisa la Mtakatifu Yosefu lilianza kujengwa mwaka 1897, likamalizika mwaka 1902. Nyumba ya Gavana ilisimama Magogoni. Ikavunjwa kwa mizinga ya manowari za Waingereza katika vita iliyoanza mwaka 1914, ikajengwa upya mwaka 1922, nayo ndiyo iliyokuja kuwa Ikulu.

Nyumba walizojenga Wadachi zilikuwa ndoa ya mambo mawili. Walichukua kuta nene za matumbawe na chokaa za pwani, wakatia mihimili ya chuma, mapaa ya mabati au vigae, na baraza za mbao. Kwa maji, mji uliendelea kuishi kwa visima. Tangi la juu liliweza kuwako, na bomba la kwenda chumba cha kuogea, lakini maji hayakupanda yenyewe. Yalipandishwa na mtu. Hapo ndipo penye historia iliyosahauliwa. Mchukuzi wa maji alikuwa na mti begani, mzegazega, na debe kila upande. Debe moja la lita 18 lina uzito wa kilo 18, na mawili ni 36, mbali na uzito wa madebe yenyewe. Nyumba ya watu 6 wanaooga mara moja kwa siku, wanaofua na kupika, haiwezi kutosheka kwa madebe 15, na hayo ni safari 8 kutoka kisimani, kupanda ngazi na kushuka, kila siku ya Mungu. Misioni nazo ziliishi kwa mikono hiyo hiyo, na kwa mikono ya watoto wa shule waliopewa kazi ya maji kabla ya masomo. Ukipita katika nyumba ya kale ukaona ngazi ya nyuma, nyembamba na yenye giza, iliyolika katikati ya kila kidato, jua kwamba miguu ya wachukuzi wa maji ndiyo iliyoilika. Ngazi ya mbele haikulika namna hiyo.

Maji ya moto yalikuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni debe juu ya mafiga, likaletwa chumbani na kuchanganywa na maji baridi katika karai. Ya pili ilikuja pamoja na mapipa ya mafuta, yale ya galoni 44, yaani lita 200. Pipa lililazwa juu ya kuta mbili fupi za matofali nyuma ya chumba cha kuogea, na moto ukakokwa chini yake. Bomba la maji baridi liliingia chini ya pipa, na la moto likatoka juu, kwa kuwa maji yenye joto ni mepesi, hupanda. Bomba la tatu, lililo wazi, lilisimama wima kupita kimo cha tangi ili mvuke upate njia. Fundi aliyelisahau hilo alitengeneza bomu wala si jiko. Ni chombo cha werevu mwingi na gharama ndogo. Ubaya wake ni kuni, na moshi, na mtoto aliyeamshwa saa kumi ya usiku kuja kuukoka.

Sasa Kariakoo. Wadachi walikuwa wamekwisha jenga soko hapo kabla ya vita. Waingereza walipoingia mji mwaka 1916, kikosi cha wapagazi wa jeshi lao kilikaa mahali pale, na jina la kikosi hicho kinywani mwa watu likawa Kariakoo. Nyumba za Kariakoo zilikuwa za miti na udongo, zikaezekwa makuti, baadaye madebe yaliyokunjuliwa na mabati. Katikati ya nyumba ni ukumbi mrefu, vyumba kushoto na kulia, na nyuma ni uani. Uani ndiko palipo na maisha yote ya maji: pa kuogea pametengwa kwa makuti, pa kuoshea vyombo, choo cha shimo, na mara nyingi kisima. Kiwanja ni kidogo. Kisima na shimo la choo vilitengana kwa hatua chache tu, na ardhi yetu ni mchanga, maji hupita ndani yake kama katika chujio lenye matundu makubwa. Nisemapo hivi sisemi habari za zamani peke yake. Mwaka 2015 kipindupindu kilizuka tena Dar es Salaam, kikaenea mikoa mingi.

Mabomba ya mji yalifuata ramani ya wakubwa. Waliokuwa pwani, katika nyumba za bustani, walipata bomba ndani ya nyumba. Wenye maduka ya Uhindini wakafuata. Kariakoo ikapewa bomba la njiani, ambapo watu walipanga madebe yao. Hata mpango wa mji wa mwaka 1949 uligawa watu bado kwa rangi, wachache wakapewa nafasi pana na wengi wakasongamana. Mwaka huo huo ndipo palipojengwa mtambo wa Mtoni, unaochota maji ya mto Kizinga. Mwaka 1959 ukaja mtambo wa Ruvu Juu, na mwaka 1976 wa Ruvu Chini, na hiyo miwili ndiyo iliyoubeba mji. Wasimamizi wa maji walibadilika mara nyingi kama wapangaji: shirika la taifa la mwaka 1984, kisha DAWASA mwaka 1997, kisha kampuni ya binafsi mwaka 2003 iliyovunjiwa mkataba mwaka 2005, kisha DAWASCO, hata mwaka 2018 vyombo viwili vikaunganishwa kuwa DAWASA moja. Watu wa mji waliongezeka kuliko mabomba. Wakati wa ukame wa mwaka 2022 mto Ruvu ulipungua hata maji yakagawiwa kwa zamu.

Zamu hizo ndizo zilizobadilisha nyumba zetu kuliko fundi yeyote. Palipokuwa na maji siku zote, tangi halikuhitajiwa. Maji yalipoanza kuja usiku mmoja na kukosekana siku mbili, kila mwenye nyumba akanunua tangi la plastiki, na wengi wakalipandisha juu ya paa. Lita 1,000 za maji ni tani moja kamili. Ukiweka tani moja juu ya paa la boriti lenye miaka 100 na zaidi, umeweka motokaa kichwani mwa mzee. Nimeona dari zilizolegea kama machela chini ya matangi ya namna hiyo, na wakaao chini yake wakilaumu mchwa.

Haya basi, tufike kwenye kutengeneza. Mabomba ya kale ni ya chuma kilichopakwa zinki, na yalifungwa kwa kukata uzi mwishoni mwa kila kipande. Bomba hilo huoza kutoka ndani. Kwa nje laonekana zima, lakini ukilikata utakuta kutu imejaa hata tundu limebaki la kupita kalamu. Ndiyo maana maji ya ghorofani hutoka kwa machozi. Wengine hudhani ni upungufu wa nguvu wakanunua pampu kubwa, na bomba lililochoka likapasuka ndani ya ukuta. Kila mita 10 za kimo cha tangi hutoa nguvu ya kutosha kusukuma maji mita 10 tu, wala pampu haiponyi bomba lililozibwa. Dawa ni kuliondoa.

Kosa kubwa zaidi huja baada ya hapo. Fundi wa siku hizi amezoea matofali ya saruji. Akipewa nyumba ya matumbawe huchimba mfereji ukutani kwa tindo, hulaza bomba, halafu huziba kwa saruji na kupaka saruji ukuta mzima uwe laini. Kwa mwaka wa kwanza nyumba hupendeza. Lakini ukuta wa matumbawe una chumvi ndani yake, na saruji imeuziba pua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini, au unaovuja katika kiungo kimoja cha bomba, hukosa njia ya kutoka. Hupanda juu, ukafika vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani, navyo huoza mahali pasipoonekana. Chumvi nayo ikikauka hufanya vipande vidogo kama sukari, vikalisukuma jiwe hata likawa unga. Ukigonga saruji hiyo kwa kidole utasikia ni tupu nyuma yake. Nyumba nyingi zinazosemwa kwamba zimekufa kwa uzee ziliuawa namna hii katika miaka 30 ya mwisho. Nayo Beit al-Ajaib, ambayo nimeitaja, sehemu yake kubwa ilianguka siku ya Noeli mwaka 2020, wakati kazi ya kuitengeneza ilipokuwa ikiendelea, na watu 2 wakafa. Mwenye nyumba ya kale asiichukue habari hiyo kama ya mbali.

Njia iliyo njema si ngumu, ila inataka fundi mvumilivu. Mabomba mapya yapite nje ya ukuta, yakishikwa kwa vibanio, au yapande katika ile sehemu ya nyuma palipokuwa na ngazi ya wachukuzi, ili kila kiungo kionekane na kufikiwa na mkono, kama njia za Hamamni. Wako wasemao kwamba bomba la nje linaharibu sura. Mimi nasema lipakwe rangi ya ukuta, na baada ya mwezi hakuna atakayeliona. Ukuta uliopasuliwa, huo utaonekana milele. Mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa kuyeyushwa hayashiki kutu, lakini lililo nje likingwe na jua. Vyumba vya kuogea vipangwe kimoja juu ya kingine, upande mmoja wa nyumba, kama walivyofanya wa kale. Palipobanduliwa pazibwe kwa chokaa, wala si kwa saruji. Tangi kubwa likae chini, juu ya msingi wake, na lile dogo la juu lisimame juu ya mnara wake lenyewe, wa chuma au zege, usiogusa nyumba.

Kuhusu maji ya moto, mji wetu una jua, nalo halitumi ankara. Chombo cha jua kina sahani nyeusi yenye mabomba membamba chini, na tangi lililofunikwa vema juu yake; maji yakipata joto hupanda yenyewe tangini, yale ya baridi hushuka kuchukua nafasi yao, ni hesabu ile ile ya pipa la galoni 44 pasipo moshi. Nacho kiwekwe juu ya mnara, si juu ya boriti. Vile vidude vya umeme vifungwavyo kichwani mwa bomba la kuogea ni rahisi kununua, lakini kimoja hula kilowati 3 hata 5. Umeme ulianza mjini mwaka 1908, na nyaya za nyumba nyingine za kale hazikuwekwa kwa ajili ya mzigo kama huo. Waya mkuukuu, ukuta wenye unyevu na mtu aliye uchi miguu majini ni mambo matatu yasiyopaswa kukutana. Asiyeweza kubadili nyaya na kutia waya wa ardhini aendelee kuoga maji baridi. Hayajamwua mtu hapa pwani.

Maji machafu nayo yahesabiwe mapema, maana tangu bomba lifike ndani ya nyumba maji yanayotoka ni mengi mara tano kuliko yale ya mchukuzi, na shimo la zamani lilichimbwa kwa kiasi cha mchukuzi. Shimo likijaa hufurika kuelekea msingi, na tukarudi kwenye habari za chumvi. Katikati ya mji liko bomba kuu la maji machafu lielekealo baharini, na nyumba iliyo karibu nalo iombe kuunganishwa. Iliyo mbali ijenge shimo lenye vyumba viwili, liwezalo kufikiwa na gari la kunyonya. Kisima cha uani kisizibwe kwa kifusi, kama wengi wafanyavyo. Kifunikwe vema, maji yake yatumike kwa vyoo na bustani, wala yasinywewe. Na mvua ikingwe. Beda Amuli, alipochora jengo la soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975, aliliezeka kwa mianvuli ya zege iliyopinduliwa, inayopokea mvua na kuiteremsha. Soko hilo liliungua mwezi wa Julai 2021, lakini fikira ile ya paa linalokinga maji ilikuwa njema, nayo yatufaa hata kwa nyumba ndogo yenye mfereji wa bati na pipa moja.

Watauliza, gharama je? Ni kweli, kutengeneza kwa namna hii huchukua muda, na mafundi wajuao chokaa ni wachache. Wako Unguja, ambako vijana wamefundishwa kazi hiyo upya kwa ajili ya Mji Mkongwe, na pengine itabidi kuwaita au kuwapelekea vijana wetu wawili wakajifunze. Lakini anayehesabu bei ya kubomoa ahesabu pia kwamba kuta zile nene zimempa baridi bure kwa zaidi ya miaka 100, na jengo jipya la kioo litamtaka umeme wa kulipoza kila siku atakayoishi ndani yake.

Neno la mwisho ni kwa wakuu wa nyumba na wahasibu wao. Wamisionari wa kwanza waliandika kila ubatizo, kila ndoa na kila maziko, na vitabu hivyo husomeka hata leo; lakini njia ya bomba chini ya sakafu hawakuiandika, na kwa sababu hiyo kila fundi amevunja sakafu upya kuitafuta. Kazi itakapokwisha, fundi achore ramani ya kila bomba, kila bilula ya kufungia na kila mfuniko wa shimo, na urefu wake kutoka kona ya ukuta kwa mita. Nakala moja ibandikwe ndani ya mlango wa stoo, na nyingine iwekwe kabatini pamoja na vitabu vya ubatizo.